Mama Ruthi na Bendi Zisizo na Jina

Same ya miaka ile haikuwa mji wa kumfanya abiria ashuke. Treni ya kutoka Tanga ilisimama, ikanywa maji, ikaendelea zake Moshi, na wengi waliokuwamo hawakuinua hata kichwa kutazama nje. Upande huu wa reli vumbi, upande ule vumbi, na juu kabisa milima ya Upare, kijani kibichi, imekaa kama haitaki kujuana na mtu wa chini. Hatua kama mia mbili hivi kutoka stesheni palikuwa na bohari la zamani la ngozi, na ndani ya bohari hilo mwanamke mmoja alikuwa akifanya biashara ambayo wajuaji wote wa mji walikwisha kumwambia kwamba haifanyiki.

Jina lake lilikuwa Yudith, binti Ebenezer, mzaliwa wa Vudee. Kwa kuwa mtoto wake wa kwanza aliitwa Ruthi, mji mzima ulimwita Mama Ruthi. Mumewe Hezroni alikuwa mtu wa reli, wa kukaza misumari na kubadilisha mataruma, na alipofariki kwa homa ya mapafu alimwachia baiskeli moja, koti moja zito na akiba ya shilingi mia nne. Ndugu wa mume walitegemea kwamba atanunua ng'ombe, maana mjane mwenye ng'ombe anaeleweka. Yeye akaenda kwa Mzee Isihaka, mfanyabiashara wa ngozi, akakodi lile bohari alilokuwa amelihama. Mwezi mzima aliliosha kwa majivu na maji ya moto. Harufu ikatoka, ingawa wapo wazee wanaoapa kwamba siku ya jua kali ilikuwa ikirudi kidogo kuwasalimia.

Alitia mabenchi, akajenga jukwaa la mbao za masanduku, akatangaza kwamba huo ni ukumbi. Waliingia watu mia mbili na hamsini, wakibanana. Kwa Same hapakuwa na mahali pakubwa kuliko hapo isipokuwa kanisani, na kanisani hakuna dansi.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo wajuaji walipokuwa wakimcheka. Enzi hizo dansi lilikuwa limeshika moto, na bendi zenye majina, zile za Tanga na za Dar es Salaam, zilikuwa zikipita na treni kwenda kupiga Moshi na Arusha. Kila mtu alimwambia Mama Ruthi azishushe hizo. Alizishusha mara mbili. Bendi ilitaka shilingi mia mbili kabla ya kufungua hata sanduku la gitaa. Chakula na malazi ishirini. Kibali cha boma na posho ya askari wa mlangoni kumi na tano. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani, na baada ya kelele zote hizo yeye alibaki na shilingi kumi na tano na mabenchi manne yaliyovunjika.

Alikaa na jambo hilo siku nyingi akiligeuzageuza. Kisha akamwambia rafiki yake Honorata, Mkatoliki wa Kilomeni aliyekuwa akimshikia mlango siku za dansi na kuuza maandazi siku nyingine, "Bendi kubwa ikija hapa, mimi ndiye mpangaji. Wao ndio wenye nyumba."

Hesabu yake ilikuwa hii. Bendi isiyojulikana ingekubali shilingi sitini. Chakula kumi, kwa kuwa vijana wa namna hiyo hulala popote. Boma na askari kumi na tano zile zile. Wakija watu mia moja tu, yaani ukumbi ukiwa haujafika hata nusu, anabaki na shilingi kumi na tano: kile kile alichokipata kwa kuujaza pomoni, na mabenchi yake mazima. Na kila mtu anayezidi mia, shilingi yake inagawanywa, nusu ya bendi, nusu yake. Jambo gumu lilikuwa moja tu, kuwapata hao mia kuja kusikiliza watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Kwa hilo alijitungia njia zake, na mimi nikizifikiria hadi leo namvulia kofia. Kwanza, dansi lake lilianza saa nane mchana, Jumamosi ya gulio, wakati watu wa mlimani wamekwisha kuteremka na maharage yao, wameuza, wana shilingi mkononi na bado jua lipo. Pili, asubuhi ya siku hiyo aliwasimamisha wapigaji kando ya akina mama wauza viazi wakapiga nyimbo mbili, mbili tu, na wa tatu ukianza kunoga anawakata. Tatu, alikuwa na sikio lake la ajabu. Alikwenda kuwasikiliza wapigaji huko huko waliko, kwenye kambi za mkonge na vilabuni, na hakuwa akiwatazama wanaocheza. Alisimama karibu na njia ya kutokea akiwatazama wanaoondoka. Mtu aliyekwisha kuvaa kofia yake aende, kisha akasimama kidogo amalizie wimbo, huyo ndiye aliyekuwa shahidi wake.

Na kulikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku ya dhiki. Bendi ililipwa shilingi zake sitini kabla ya wimbo wa kwanza, mkononi, mbele ya Honorata. Watu walimwambia ni ujinga, awalipe baadaye aone kwanza mlango umeingiza nini. Akajibu kwamba mpigaji asiyejua kama atalipwa hupiga huku akihesabu watu, na wimbo wa namna hiyo haufiki popote.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka minne. Hakutajirika. Alimsomesha Ruthi, akalipa kodi ya Mzee Isihaka kila mwisho wa mwezi, akajulikana mpaka Mombo na Korogwe kwamba pale Same kuna mama mmoja anayekulipa hata kama huna jina.

Huko Mombo ndiko alikowapata Tumainieli na wenzake. Walikuwa vijana watano wakata mkonge, magitaa mawili, banjo moja, ngoma, na mmoja wa kugonga chupa ya soda kwa msumari. Tumainieli mwenyewe alikuwa Mpare wa Myamba, mrefu, mwenye aibu, anayeimba macho yakiwa yametazama viatu vyake. Usiku wa mshahara pale kambini Mama Ruthi aliwahesabu watu kumi na saba waliovaa kofia wakasimama tena. Alikuwa hajawahi kuvuka tisa. Papo hapo wakakubaliana Jumamosi ya tatu ya Novemba, mwaka hamsini na nne, shilingi sitini na nusu ya kinachozidi mia.

Lakini siku hiyo aliichagua kwa kalenda ya reli na ya mishahara. Mtu aliyezaliwa Vudee angepaswa kutazama pia mawingu. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi miaka mingi mno, ndiyo maelezo ninayoweza kumpa.

Jumatano ya wiki ile mvua ya vuli ilinyesha kwa hasira. Mto mkavu unaopita nyuma ya mji, ambao watu walikuwa wakianikia nguo ndani yake, ulishuka na matope na magogo, ukapiga kona ya bohari. Ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ukalainika, ukaketi chini. Palibaki tundu ambalo lori lingepita bila kukwaruza.

Alhamisi Mzee Isihaka alikuja na mwavuli wake akasimama mbele ya tundu. Alikuwa mtu mpole wa maneno na mgumu wa mapatano. Alimpa pole ya kweli, kisha akamkumbusha kwamba tangu siku ya kwanza walikubaliana kuwa kinachoharibika hutengenezwa na mpangaji. Yupo mnunuzi wa maharage kutoka Moshi, akasema, anataka ghala, na yuko tayari kuujenga ukuta kwa fedha yake mwenyewe. Basi ukuta ukisimama hadi mwisho wa mwezi, ukumbi ni wa Mama Ruthi. Usiposimama, Mama Ruthi amsamehe, nyumba itakuwa ghala. Fundi wa mjini aliyeitwa kutazama alitaja shilingi mia. Mama Ruthi alikuwa na mia na ishirini, na sitini kati ya hizo zilikuwa na ahadi ya Tumainieli juu yake.

Bado alijipa moyo kwamba mlango wa Jumamosi ungefidia. Atatundika turubai kwenye tundu, atamweka askari nyuma asimamie wadoeaji, na dansi litapigwa. Ijumaa asubuhi pembe ikalia mlimani.

Mtu asiye wa huko hajui pembe hiyo ina maana gani. Juu Vudee maji ya mfereji hukusanywa usiku katika bwawa la udongo na mawe linaloitwa ndiva, na asubuhi hugawiwa mashamba kwa zamu. Ndiva ikibomoka, hakuna maharage, hakuna mahindi, hakuna habari nyingine. Mzee wa ndiva hupiga pembe, na hiyo ndiyo msaragambo: kila nyumba hutoa mtu na jembe, na asiyekwenda hutozwa jogoo, akirudia hutozwa mbuzi. Ndiva ilikuwa imebomoka kwa mvua ile ile, vijiji vya jirani vilikuwa vimeombwa kusaidia, na siku iliyotajwa ilikuwa Jumamosi. Watu wote ambao Mama Ruthi aliwategemea kwa shilingi zao walikuwa wameitwa na mwenye haki kuliko yeye. Tena naye mwenyewe, kwa kuwa bado alikuwa na shamba la marehemu baba yake kule juu, alikuwa ameitwa pia.

Jioni hiyo Tumainieli na wenzake walishuka kwenye treni na magitaa yao yamefungwa magunia. Mama Ruthi aliwapokea, akawalisha wali na maharage, kisha akawaonyesha tundu na kuwaeleza habari ya pembe. Tumainieli, akitazama viatu vyake, akasema basi hakuna neno, wao watarudi Mombo na treni ya kesho. Mama Ruthi akatoa shilingi sitini akazihesabu mkononi mwake mbele ya Honorata.

"Mama, hatujapiga," Tumainieli akasema.

"Mmekuja. Tulipatana siku, na siku ni ya kesho. Sasa mimi kesho nakwenda kwenye ndiva ya baba yangu, na ninyi siku yenu ni yangu, kwa hiyo tunakwenda wote."

Hapo Honorata alimvuta pembeni akamuuliza kama ana homa. Mama Ruthi hakuwa na homa. Alikuwa amewaza kwamba kama watu hawawezi kuja kusikia nyimbo mbili gulioni, nyimbo mbili zitawafuata kwenye matope, na Jumamosi inayofuata watateremka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Alikuwa na nafasi hiyo moja.

Lori la maharage liliwafikisha mwisho wa barabara, mlima waliobaki nao wakaupanda kwa miguu. Mzee wa ndiva alikuwa Simeoni, baba mdogo wake Yudith, mzee mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu walikuwa wakiinama kuisikia. Yudith alimwamkia shikamoo, akaeleza kila kitu, ukuta, mwisho wa mwezi, mnunuzi wa Moshi, kisha akaomba vijana wapewe nafasi wapige wakati watu wanafanya kazi. Mzee akaitikia marahaba, akayatazama magunia ya magitaa, akasema kwamba kwenye ndiva hakuna mtazamaji. Anayesimama hapa ana jembe au ana jiwe.

Basi vijana wa mkonge wakavua viatu. Kutwa ile walibeba mawe, wakakanyaga udongo, wakapokezana karai za matope, huku wenyeji wakiimba nyimbo zao za kazi. Tumainieli aliogopea vidole vyake, na ilikuwa haki yake kuogopa, lakini alipoona mzee wa miaka sabini anabeba jiwe kubwa kuliko lake aliona haya. Yudith alichanganya udongo na akina mama na mgongo wake ukamkumbusha kwamba yeye si binti tena. Saa tisa ndiva ilisimama. Chakula kikaja, makande kwenye vyungu, na wakati watu wanakula Simeoni alielekeza kidole kwenye magunia.

Walipiga nyimbo mbili. Wa pili Tumainieli aliuimba nusu Kiswahili nusu Chasu, lugha ya Wapare, habari za mtu aliyekwenda kwenye mkonge akawa anaota harufu ya nyumbani, na watu waliacha kutafuna. Wale waliokwisha kubeba majembe begani kwenda zao wakayashusha. Yudith aliona hayo akajua kwamba sikio lake halikumdanganya. Watu wakataka wa tatu. Simeoni akainua mkono, wakanyamaza.

"Hawa si wa ndiva hii," akasema. "Wamefanya kazi yetu kutwa nzima. Siku hulipwa kwa siku. Jumamosi ijayo pembe italia, na kazi itakuwa Same, kwa Yudith."

Yudith alishuka mlima karibu anaruka. Pembe ya Simeoni kumtangazia dansi, tangu lini jambo hilo limeonekana? Wiki nzima alihesabu kichwani: watu mia mbili, shilingi mia mbili, toa hiki, gawa kile, fundi analipwa, ukuta unasimama kabla mwezi haujafungwa. Vijana walikubali kurudi. Walisema hawataki malipo mengine, zile sitini za kwanza zinatosha. Alikataa. Siku ya kwanza ilikuwa siku, na hii ni siku nyingine. Akachukua sitini zilizobaki, zile ambazo zilikuwa mwanzo wa fedha ya fundi, akazitia mkononi mwa Tumainieli saa nne asubuhi ya Jumamosi. Honorata alishuhudia huku akiuma midomo, maana alijua kwamba sasa ndani ya nyumba hakuna kitu.

Saa tano watu walianza kuonekana kwenye njia ya kutoka mlimani. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, mia mbili na zaidi, wanateremka kwa mstari mrefu. Honorata alikaa mlangoni na kibuyu chake cha kutilia shilingi. Wa kwanza kufika alikuwa mwanamume mmoja wa Vudee mwenye kifua kipana. Honorata akanyoosha mkono apokee kiingilio. Yule mtu akautazama mkono, akatazama ukumbi, kisha kwa adabu kabisa akamwekea jembe lake mkononi.

Yudith alisimama nyuma ya Honorata akauona mstari wote. Majembe, mitalimbo, makarai. Akina mama walikuwa wamefunga vibwebwe na wamebeba masufuria. Hakuna mtu aliyekuja na shilingi, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayekwenda kwenye msaragambo na shilingi. Yeye, mtoto wa Vudee, aliyekulia chini ya pembe ile, aliisikia ikilia kwa ajili yake akaidhani ni tangazo la dansi. Fedha ya fundi ilikuwa mfukoni mwa Tumainieli na mlango haungeingiza hata senti.

Mzee Simeoni alifika wa mwisho, polepole, na pembe yake imening'inia ubavuni. Yudith akamwamkia, kisha akashindwa kujizuia, akamwambia kwamba alidhani amemwitia watu wa dansi.

"Uliniambia ukuta umeanguka," mzee akasema. "Ulifikiri nitakuitia watu wa kucheza?"

Yudith alilia pale pale mlangoni, na hakujificha. Kisha akajifunga kanga yake vizuri akawaonyesha tundu liko wapi.

Sasa mtu anayejenga ndiva, inayozuia maji ya mlima mzima, ukimwonyesha ukuta wa bohari anauona kama mchezo wa watoto. Mawe yalitolewa kwenye ule ule mto uliofanya uharibifu. Watu walijipanga kutoka mtoni hadi ukumbini wakayapitisha mkono kwa mkono. Udongo ulikanyagwa na akina mama. Wazee walichagua mawe ya pembeni wakibishana juu ya kila moja. Na kwa kuwa bendi ilikuwa imelipwa, Yudith aliipandisha jukwaani: wakapiga, na safari hii tundu lilikuwa na faida, kwa maana waliokuwa mtoni nao walisikia. Simeoni alisikiliza nyimbo tatu, kisha akatoa amri kwamba mawe yaende na mapigo ya ngoma. Kazi ikaenda haraka kuliko alivyopenda mpiga ngoma.

Mzee Isihaka alitoka msikitini baada ya alasiri akapita kuona kelele ni za nini. Alisimama na mwavuli wake. Ukuta ulikuwa umefika mabegani, mawe matupu, mnene kama wa ngome, na kuta nyingine tatu za matofali pembeni yake zilionekana za kuazima. Aliugusa, akausukuma kidogo kwa kiganja. Akauliza fundi ni nani. Honorata akamwonyesha watu mia mbili. Mzee alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema kwamba mnunuzi wa maharage atafute ghala kwingine, na kwamba ukuta wa namna hiyo angeujenga yeye ungemla shilingi mia nne. Akamsamehe Mama Ruthi kodi ya miezi miwili bila kuombwa. Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, akamwomba ampishe, akabeba jiwe moja kwa kanzu yake nyeupe, apate kusema kwamba naye alikuwapo.

Mwezi uliofuata bendi ya Tumainieli ilirudi, gulio likiwa tele, na waliojenga ukuta walikuja tena, safari hii bila majembe. Kila mmoja alilipa shilingi yake. Wengi walikwenda kwanza kuukagua ukuta kama umetulia, ndipo wakakaa.

Habari za Tumainieli watu wa umri wangu wanazijua. Kufikia mwaka hamsini na nane bendi yake ilikuwa na suti, tarumbeta na vipaza sauti, na pale Moshi walikuwa wakilipwa mia mbili na hamsini. Lakini kila mwaka, Novemba, walimwandikia Mama Ruthi kwamba watashuka Same kwa shilingi sitini, kama zamani. Miaka minne alikubali, akawalipa mia badala ya sitini kwa kuwa hakutaka sadaka. Mwaka hamsini na tisa alijibu hapana. Barua yake niliisoma kwa macho yangu, Honorata aliitunza nakala. Aliandika: "Mwanangu, wewe sasa una jina. Kila ukija hapa unakalia siku ya mtu ambaye hana. Novemba hii nimempa Raheli wa Ndungu, anapiga kodiani, humjui wala mtu hamjui. Nyumba hii ni yenu, ila jukwaa ni lake."

Wajuaji walipopata habari wakasema sasa mama kazeeka. Nani anakataa bendi ya mia mbili na hamsini kwa bei ya sitini, ukumbi unaojaa kabla ya kufunguliwa, ili achukue msichana wa kwenye mpunga anayepiga kodiani? Hata mimi, nakiri, nilisema.

Jumamosi hiyo watu hawakuwa wengi. Saa nane Honorata alikuwa amehesabu themanini na wawili, na Mama Ruthi, aliyekuwa amekwisha kumlipa Raheli sitini zake, alisimama karibu na mlango akiwatazama wapitao njia kama wangegeuka. Ndipo ukaonekana mstari unatoka upande wa stesheni. Mbele alikuwa Tumainieli, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na begani amebeba jembe. Nyuma yake bendi yote, na nyuma ya bendi watu wa treni na watu wa mjini waliomtambua wakamfuata bila kuuliza anakwenda wapi.

Honorata akanyoosha mkono. Tumainieli akashusha jembe, akaliegemeza nje ya mlango, akatoa shilingi moja akaiweka kiganjani mwake. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja. Akamwamkia Mama Ruthi shikamoo, na Mama Ruthi akaitikia marahaba. Kisha Tumainieli akaingia, akapita jukwaa bila kulitazama, akakaa benchi la nyuma kabisa, mgongo kwenye mawe aliyowahi kuyaimbia yakijengwa.

Raheli alikuwa mdogo wa mwili na kodiani lilikaribia kumfunika. Aliimba wimbo wa kwanza kwa woga, wa pili kidogo afadhali. Wa tatu ulipofika katikati, bwana mmoja wa stesheni aliyekuwa amekwisha kuvaa kofia yake aondoke alisimama mlangoni, akageuka. Mama Ruthi akamwona, akaanza kuhesabu.